Mfupa Ulionyooka

"Sumu hakuna," alisema daktari wa maiti. Alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo, akaanza kunawa. "Na usinitazame hivyo, Inspekta. Nimetafuta mimi, ametafuta mkemia. Tumboni, kwenye ini, kwenye damu. Huyu mama hakulishwa kitu wala hakudungwa sumu yoyote."

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni mwa ile ofisi ndogo iliyopakana na chumba cha maiti, mkoba kwapani, uso ameukaza. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Kituoni kwake kulikuwa na fundi wa majokofu aliyewekwa mahabusu kwa tuhuma za kumuua mkewe kwa sindano. Kwenye ngazi za kituo hichohicho kulikuwa na nusu ya ukoo wa marehemu, wamekaa, hawabanduki mpaka waambiwe atanyongwa lini.

"Kafa na nini, basi?"

"Kifua kikuu."

Koplo aliyekuwa nyuma yake aliinua kichwa. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi, na kituo kizima kilimwita Kasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo lolote. "Daktari, yule alikuwa msusi. Mama Vidole mwenyewe, saluni inafurika kutwa. Mtu wa kifua kikuu atasimama kutwa nzima anasuka vichwa?"

"Alisimama mpaka akaanguka." Daktari alijifuta mikono, akaketi. "Mapafu yamejaa vipunje, kama mtu kamwaga mtama. Ini hivyohivyo. Hata utando wa ubongo. Mwili wenye kinga yake haukubali kuvamiwa namna hii bila kupigana. Huu haukupigana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya zile sindano."

Koplo alimtazama bosi wake kama anayesema, si nilijua? Inspekta alimnyamazisha kwa jicho. "Umesema hakudungwa sumu."

"Si sumu. Ni dawa, na ni dawa nzuri. Alikuwa na baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mtu inageuka na kuvila viungo vyake mwenyewe. Sindano ile inaipunguza nguvu hiyo kinga. Uvimbe unashuka, maumivu yanakwisha, mtu anarudi kazini. Lakini kuna watu wana vimelea vya kifua kikuu vimelala ndani yao tangu utotoni, na kinga ndiyo inayovilaza. Ukiipunguza kinga bila kuvitibu kwanza vile vimelea, vinaamka."

"Na daktari aliyempa alijuaje kama havipo?"

"Lazima apime. Picha ya kifua, na damu. Bila hivyo haanzi. Akikuta kitu, mgonjwa anatibiwa hicho kwanza, ndipo azungumziwe sindano." Daktari alivuta pumzi. "Sasa hapo ndipo pananipa taabu. Huyu ana kovu la zamani juu ya pafu la kulia, gumu kama kokoto. La miaka mingi. Picha yoyote ya kifua ingelionyesha."

"Kwa hiyo kuna daktari alilala kazini," alisema Koplo.

"Sikusema hivyo. Nimesema nilichokiona." Akaanza kumsomea Inspekta alama nyingine za mwili, kwa sauti ya mtu anayemaliza kazi: vidole vilivyopinda kidogo kwa ugonjwa, alama za sindano mapajani, mtulinga wa kushoto uliovunjika zamani sana na kuunga vibaya, umepinda kama mpini wa mwavuli. Inspekta alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akashukuru, akatoka, akamwambia Koplo waende kliniki ya viungo.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa ukumbi mrefu wenye mabenchi pande zote mbili. Siku za kawaida mabenchi hayo yalijaa. Leo watu walikuwa wachache, nao walikaa mbalimbali. Habari za msusi zilikuwa zimekwisha kuzagaa mji mzima, na kila aliyezipokea alizitia chumvi yake. Bibi mmoja mwenye mikono iliyofungwa shali aliona sare ya Koplo, akamshika Inspekta nguo.

"Mwanangu, wewe ni wa serikali. Niambie ukweli. Nichome au nisichome?"

"Muulize daktari wako, bibi."

"Huyo ndiye ninayemwogopa."

Daktari bingwa alikuwa mama mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwakaribisha viti. "Mmekuja kunikamata au kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Basi niulize haraka. Tangu juzi zaidi ya nusu ya wagonjwa wangu hawajaja. Kuna mwalimu aliyekuwa hawezi kugeuza shingo, sasa anacheza mpira na wanawe. Jana kaniletea dawa zake kwenye mfuko, kaniwekea hapo mezani, akaondoka bila kuaga."

"Msusi," alisema Inspekta. "Alikujia akiwa katika hali gani?"

Uso wa daktari ulilegea kidogo. "Mikono imefumba. Hawezi kushika kitana. Alikaa hapo ulipo wewe, akaniambia, daktari, mimi nina mume na watoto wawili, lakini kama sisuki mimi si mtu. Baada ya sindano za mwanzo tu akaanza kufungua vidole. Siku moja alinisuka mimi humuhumu ofisini, wagonjwa wanasubiri, kwa furaha tu."

"Ulimpima kifua?"

"Swali hilo nimelingoja." Alifungua kabati, akatoa bahasha kubwa, akachomoa picha ya eksirei na kuibandika kwenye kisanduku cha taa ukutani. "Itazame. Mapafu meupe... mapafu safi, nisamehe, nimechoka. Safi. Damu nayo safi. Vyote vilifanyika kituo cha picha cha mjini, wakati ule mashine yetu ilikuwa mbovu. Nilimwuliza kama amewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu. Akasema hapana, hata kwenye ukoo wao haupo."

"Daktari wa maiti ameona kovu la zamani."

"Hawezi."

"Juu ya pafu la kulia. Gumu kama kokoto."

Daktari alisogeza uso karibu na picha. Alitazama sana. "Hapa hakuna kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. "Nitakula kiapo mbele ya yeyote. Hapa hakuna kitu."

Inspekta naye alikuwa ameikaribia picha. Mapafu hakuyajua. Lakini mifupa ni mifupa, hata asiyesomea anaiona. Aliinua kidole.

"Huu mfupa hapa juu, unaotoka shingoni kwenda begani. Unaitwaje?"

"Mtulinga."

"Upande huu ni kushoto au kulia?"

"Kushoto. Kwa nini?"

"Uko sawa?"

"Umenyooka kabisa. Kulia pia."

"Marehemu alikuwa na mtulinga wa kushoto uliovunjika zamani ukaunga umepinda."

Daktari aliinua mkono wake taratibu, akaufuata ule mfupa mweupe kwa ncha ya kidole, kutoka shingoni mpaka begani, akarudi tena. Kisha akajishika kinywa.

"Huyu si mgonjwa wangu," alisema. "Mungu wangu. Nimemchoma mtu mmoja kwa kifua cha mtu mwingine."

Kwenye ngazi za kituo, kaka wa marehemu ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Alikuwa dereva wa lori, kifua kipana, na ndiye aliyezikuta sindano zilizotumika kwenye taka za shemeji yake akazibeba mpaka polisi. Inspekta alimwita pembeni.

"Dada yako aliwahi kuvunjika mfupa?"

Jamaa alishangaa. "Sindano na mfupa wapi na wapi, afande?"

"Nijibu."

"Bega. Tulikuwa watoto. Nilimbeba mgongoni nikapanda naye ukutani, tukaanguka. Alivunjika hapa." Alijigusa chini ya shingo, upande wa kushoto. "Mama alinichapa mpaka majirani wakaja kuniombea."

"Na nyumbani kwenu, kuna aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

Jamaa aligeuza macho. "Baba alikuwa na pumu."

"Pumu?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tuseme." Sauti ilishuka. "Alikohoa mpaka akafa. Dada ndiye aliyekuwa analala chumbani kwake, anampa maji usiku. Mdogo wetu alikuwa mchanga, akapelekwa kwa shangazi. Mimi nilikuwa bweni. Lakini hayo ni ya zamani, afande. Muuaji mnaye humo ndani!"

"Subiri hapo," alisema Inspekta, akaingia.

Fundi wa majokofu aliletwa chumba cha mahojiano. Mtu mpole, mabega yameshuka, kucha bado nyeusi kwa grisi. Toka akamatwe alikuwa amejibu kila swali kwa neno moja moja, na ule ukimya ndio uliomtia hatiani machoni pa watu.

"Ulituambia mkeo ulikuwa unamchoma wewe," Inspekta alianza.

"Ndiyo."

"Kila baada ya wiki mbili."

"Ndiyo."

"Mpaka mwisho?"

Alikawia kidogo. "Mpaka mwisho."

Inspekta alimwashiria Koplo. Kasi aliweka mezani kisanduku cha barafu, akakifungua kwa utaratibu wake uleule wa kutoharakisha, akatoa kalamu za sindano, zile zinazokuja na dawa ndani yake, ambazo hazijafunguliwa, moja baada ya nyingine. "Karakanani kwako," alisema. "Kuna friji moja imefunikwa turubai, imeandikwa MBOVU kwa chaki. Si mbovu, bwana. Nimetia mkono, nikatamani kuhamia humo."

Hakuna aliyecheka. Fundi alizitazama zile kalamu kama anayetazama watu waliomsaliti.

"Hizi zingetosha kumaliza wiki zake zote za mwisho," alisema Inspekta. "Kwa hiyo hukumchoma hizi. Ulimchoma nini?"

Fundi alianza kujikwangua grisi ya kucha.

"Jirani yako amesikia ugomvi. Mkeo alipiga kelele, unataka nirudi kuwa gogo. Ulimchoma nini?"

"Sikumchoma kitu!" Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti. Kisha ikamwishia. "Sikumchoma kitu, afande. Nilizificha."

"Kwa nini?"

"Alianza kupata homa. Si ya kuonekana. Mchana mzima yuko saluni, anacheka na watu. Usiku shuka zinaloa kama zimetoka kufuliwa. Akakonda. Akaanza kikohozi, kidogo kidogo, anakizuia kwa leso. Karatasi inayokuja na dawa imeandika wazi, mtu akiwa na homa asichome, amwone daktari. Nikamwambia twende. Akanipigia magoti. Akasema tukienda watamkatia dawa, na akikatiwa vidole vinafumba tena. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, si daktari, si ndugu zake."

"Ukaapa."

"Nikaapa. Lakini kumchoma nilishindwa. Nikamwambia dawa zimekwisha hospitali, nazo nikazificha karakanani." Alitazama mikono yake. "Mikono ikaanza kuvimba. Kila asubuhi ananiletea usoni, anasema, tazama, tazama unavyonifanya. Siku alipogundua nimemdanganya ndiyo hiyo jirani aliyosikia."

"Kwa nini hukusema haya siku ya kwanza?"

"Ningesemaje? Kwamba nilimwona mke wangu anaungua ndani nikanyamaza kwa sababu alinibembeleza?" Alitikisa kichwa. "Shemeji aliposema nimemuua, sikuona cha kubisha."

Inspekta alizirudisha kalamu kwenye barafu.

"Kabla hajaanza dawa alipigwa picha ya kifua mjini. Ulimpeleka wewe?"

"Nilitaka. Siku hizo hata vifungo vya nguo nilimfunga mimi. Lakini akasema pale watu wanavuliwa nguo, ni mambo ya wanawake, atakwenda na mdogo wake."

Koplo aliacha kupapasa kisanduku. Inspekta alikuwa amekwisha kusimama.

Mdogo wa marehemu aliuza vitambaa kwenye duka refu lenye giza, rola za nguo zimepangwa mpaka darini. Walimkuta anampimia mteja kitambaa cha mapazia. Alikuwa anafanana na dada yake kwa paji la uso na kwa ile shingo ndefu, kama picha ya ujana wake. Nyuma ya kaunta, juu ya mfuko wa vipande, mtoto wake wa kike aliyekuwa hajajua kutembea vizuri alikuwa amejilaza, analia kwa sauti isiyo na nguvu. Inspekta alingoja mteja aondoke.

"Anaumwa?"

"Mafua tu, afande."

Mtoto alikohoa. Hayakuwa mafua. Kikohozi kilitoka chini, kikamtikisa mgongo wote.

"Ukiwa dukani, nani alikuwa anamlea?"

"Dada. Alikuwa naye kule saluni." Macho yalimjaa. "Kamzoea kuliko mimi. Mpaka leo anamtafuta."

Inspekta alitoa ile picha kwenye bahasha, akaiinua mbele ya mwanga wa mlangoni. Mbavu zikatokea, na juu yake ile mifupa miwili iliyonyooka.

"Unamjua huyu?"

"Ni eksirei."

"Jina lililoandikwa ni la dada yako. Lakini dada yako alianguka ukutani akavunjika hapa. Huyu hajavunjika popote."

Mkono wa mwanamke ulipanda wenyewe mpaka shingoni, ukagusa mtulinga wake wa kushoto, ukashuka haraka. Aliruka kimanga. Alisema yeye hajui mambo ya hospitali, mashine zinakosea, watu wanachanganya majina kila siku, kwa nini hawamshiki aliyemdunga sumu wanakuja kumsumbua mfiwa? Alisema yote hayo kwa pumzi moja, huku anakunja na kukunjua kile kitambaa cha mapazia.

"Hakudungwa sumu," alisema Inspekta. "Amekufa kwa kifua kikuu. Kile cha baba yenu. Kilikuwa kimelala ndani yake, na dawa ikakiamsha."

Kitambaa kilimteleza mkononi, kikaporomoka sakafuni mikunjo kwa mikunjo. Hakuinama kukiokota.

"Mlango," Inspekta alimwambia Koplo. Kasi aliurudisha, akasimama nje.

"Kuna daktari wa kwanza," mwanamke alisema. "Kabla ya huyu wa sasa. Alimpiga picha, akaona kovu. Akamwambia, mama, hii sindano inakufaa, lakini kwanza umeze dawa za kifua, miezi kadhaa, ndipo tuanze. Dada akaja kwangu analia. Akasema miezi hiyo vidole vitaganda moja kwa moja, hata akipona atapona akiwa na makucha. Akasema kovu lenyewe ni la utotoni, lina neno gani leo? Akatafuta daktari mwingine."

"Akakuomba usimame badala yake."

"Nilivaa gauni lake. Wakaniuliza jina, nikataja lake. Wakaniambia vuta pumzi, zuia. Basi. Damu nayo wakanitoa mkono huuhuu." Aliunyoosha, kana kwamba alama ingali ikionekana. "Siku alipofungua vidole, afande, alikuja hapa dukani akanishika uso kwa mikono yote miwili. Miaka hajawahi kunishika hivyo. Nikasema nimefanya jambo jema."

"Na alipokufa?"

Hapo ndipo alipovunjika. "Nilihisi. Nilijua kuna kitu. Kaka aliposema ni sumu, nilishukuru." Alijifunika uso. "Nilishukuru, unanisikia? Nikaenda kukaa na wenzangu pale ngazini kwenu, nikalia nao, nikamwita shemeji yangu muuaji."

Nyuma ya kaunta mtoto alikohoa tena, akashindwa kumaliza, akaanza kulia. Mama yake aligeuka kumtazama. Rangi ilimtoka usoni.

"Alikuwa analala kifuani kwake," alisema polepole. "Kila mchana. Afande, nimemuua dada yangu. Nimemuua na mwanangu?"

"Mwanao yuko hai, na ugonjwa huu una dawa. Chukua mkoba wake, twende."

"Mahabusu?"

"Hospitali. Maelezo utayaandika baadaye, na utayaandika yote, kama ulivyoniambia. Mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua lako. Mimi sitakuahidi kitu." Inspekta aliokota kile kitambaa sakafuni, akakiweka juu ya kaunta. "Mbebe mtoto."

Njiani alipiga simu kituoni. Fundi aachiwe, lakini asiende nyumbani kwanza. Watoto wake wawili wachukuliwe shuleni. Kaka mtu naye apande gari. Wote walioishi, kula au kulala karibu na marehemu waletwe kupimwa kifua.

Ndipo wakajikuta wote kwenye ule ukumbi wa kliniki, mabenchi pande zote mbili. Fundi aliketi na wanawe, mmoja kila upande, wamemshikilia nguo kama wanaoogopa atachukuliwa tena. Kaka mtu alisimama, mikono kiunoni, hajui aanze kumtukana nani. Daktari bingwa aliingia na kutoka, akimsikiliza yule mtoto mgongoni na kifuani. Alisema dalili zipo, hakuficha, lakini wamewahi. Atameza dawa kwa miezi, na atapona.

Mdogo wa marehemu alikwenda kusimama mbele ya shemeji yake. Hakungoja kuambiwa.

"Shemeji, picha ile ya kifua ilikuwa yangu. Damu ilikuwa yangu. Dada aliniomba, nikakubali."

Kaka mtu alikuwa wa kwanza kulipuka. "Nini? Wewe? Afande, mkamate! Mkamate huyu!" Kidole kilikuwa kimemwelekea dada yake wa mwisho, na sauti ilijaza ukumbi mzima mpaka bibi mwenye shali akaacha kula karanga.

Inspekta hakusogea. "Asubuhi ulitaka nimnyonge huyu. Sasa ni huyu. Ukimaliza, utanielekezea nani?"

Mtu yule mkubwa alifungua kinywa. Alikitazama kidole chake mwenyewe, akakishusha. Kisha akaketi kwenye benchi, mbali kidogo, akaanza kulia bila kujificha, mabega yote yanatetemeka.

Fundi alimtazama mdogo wa mkewe.

"Alikwambia usiniambie?"

"Ndiyo."

"Na homa? Alikwambia ana homa?"

"Homa gani? Alisema uchovu wa kazi."

"Mimi aliniapisha nisikwambie wewe." Fundi aliwavuta wanawe karibu. "Ungeniambia la picha, ningemchukua hata kwa nguvu nikampeleka. Ningekwambia la homa, ungempeleka wewe."

"Ningempeleka, shemeji. Wallahi ningempeleka."

"Najua."

Mlango wa chumba cha eksirei ulifunguliwa, muuguzi akatoa kichwa, akamwita mdogo wa marehemu aingie. Alipojaribu kumshusha mtoto, mtoto alimng'ang'ania shingo akapiga kelele. Akamtazama kaka yake, ambaye bado alikuwa ameinamia magoti yake. Akamtazama Inspekta.

Fundi aliinuka. Wanawe wakamwachia nguo.

"Nipe mtoto," alisema. "Wewe ingia."

Alimchukua, akamlaza begani, akaanza kutembea naye taratibu kutoka benchi hadi benchi. Mtoto alilia, akakohoa kile kikohozi kibaya, mara ya kwanza na ya pili, uso wake umelala shingoni mwa yule mwanamume. Fundi hakugeuza kichwa. Aliendelea kutembea, anampapasa mgongo kwa ule mkono wenye kucha nyeusi, mpaka mtoto akanyamaza.